Mbega wa Vichwa vya Mbao

Mambo ya sanaa siyajui vizuri, niliishia darasa la saba, kwa hiyo huenda nikakosea. Naandika nilivyoyaona.

Mdogo wangu wa kiume alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mbao hapa Magamba. Yeye na wenzake wawili walipaka alama kwenye vichwa, yaani ncha, za mbao zilizopangwa, ili mteja ajue ukubwa. Rangi ikibaki, walichora mbega. Ukisimama mbele ya rundo unamwona mzima, mkia unashuka kutoka ubao wa juu mpaka wa chini kabisa. Mteja akichukua mbao tano, anaondoka na kipande cha mbega. Wao walicheka tu. Ndiyo ilikuwa raha yao, kwamba hadumu.

Msimamizi alisema wanachafua mali. Hata kwenye kikao chetu cha wazee wa kanisa lilisemwa, kwamba ni mambo ya wavuta bangi, waonywe. Nilinyoosha mkono pamoja na wengine. Sikuwahi kumwona mdogo wangu akivuta. Nilinyoosha tu.

Baadaye hoteli moja ya Lushoto mjini ilinunua rundo zima, ikakata vichwa vile na kuvipigilia ukutani. Fundi hakujua mpangilio: mkia huku, jicho kule. Wageni wakapenda, wakapiga picha. Sitaki kumsema vibaya mwenye hoteli. Mbao alizilipia, na hapakuwa na jina la mtu pale. Muda si mrefu nikaona mbega yule yule wa vipande kwenye fulana sokoni, kwenye bango la saluni, mwisho kwenye vitenge. Akinamama wa usharika tukashona sare.

Mwaka huu tukamtaka pia kwenye ukuta wa ukumbi mpya wa usharika. Nikasema aliyemwanzisha ni mdogo wangu. Nikatumwa.

Nilimkuta anapalilia kabichi.

"Shikamoo dada. Nimekosa nini tena?"

"Marahaba. Wanataka uwachoree mbega."

"Hao hao walionionya?"

"Na mimi nilikuwemo. Nilinyoosha mkono." Nilikuwa sijawahi kumwambia.

"Najua. Kikao chenu kina siri gani? Habari za mkono wako zilifika nyumbani kabla yako."

"Mbona hukusema?"

"Ungelia. Na wewe ukianza humalizi." Akang'oa magugu kidogo. "Nitachora. Ila namchora mzima."

Alichora siku mbili. Akinamama wakaja kutazama. Mwenyekiti wetu, mama mwema kabisa, akasema, "Asante mwanangu. Ila umekosea kidogo, si kama wa kwenye kitenge. Utaweza kumrekebisha?"

 Mdogo wangu aliniangalia mimi.

Nikaeleza habari za rundo na za fundi wa hoteli. Nilieleza vibaya, nikarudia. Nikasema anayefanana na wa kwanza ni huyu, na kwamba tulimwonya mtu kwa kitu ambacho leo tumekivaa. Sijui kama nilipaswa kulisema mbele ya watu. Mwenyekiti alifikiri, akasema, "Basi abaki alivyo. Lakini sare hatufumui."

Siku ya kufungua ukumbi nilivaa sare kama wengine. Mdogo wangu akaja nyuma yangu, akaniambia mkia wa mbega wa kitenge uko begani kwangu. Nikamuuliza kama anataka nikabadili nguo. Akasema hapana, ila nisogee kidogo, nimemziba mbega wake wa ukutani.