Onyo la Kandambili

Kwa jina la utani aliitwa Mama Povu, maana duka lake lilinukia sabuni tangu mlangoni. Aliuza ndoo, mafagio, rangi, kandambili na dawa za usafi. Alikuwa na mdomo mwepesi na macho yasiyopitwa na kitu.

Ikaingia sheria mpya, na bidhaa zikaanza kuja na karatasi ya njano: "Tahadhari: ina kemikali zinazoweza kudhuru afya." Ilikuwa kwenye chupa za asidi, ikawa kwenye kandambili, ikawa hata kwenye miiko ya mbao. Mwanzoni wateja waliuliza kwa hofu. Baadaye wakacheka: "Mama Povu, nipe mwiko, ule unaoua taratibu." Onyo likawa kelele za chura, na ng'ombe akaendelea kunywa maji.

Siku moja wifi yake, dada wa mumewe, alinunua asidi ya kusafishia choo. Choo hakikutakata upesi, akaongezea dawa ya madoa ya nguo. Bafu lile halikuwa na dirisha. Viwili hivyo vilipochanganyika vikatoa mvuke wa sumu, ukamkaba koo, akatoka akitambaa, na majirani wakamkimbiza hospitali.

Mama Povu alimkuta kitandani, macho mekundu.

"Wifi yangu, hukuona onyo?"

"Nililiona," akajibu kwa sauti iliyokwaruza. "Si ni lilelile la kwenye kandambili zangu? Nazivaa mwaka wa pili huu, mbona sijafa?"

Mama Povu alirudi dukani moyo ukimchoma, akamkuta wakala wa kiwanda akishusha mzigo.

"Hizi karatasi zenu zimeniumizia ndugu."

"Lakini mama, tunabandika kila kitu ili watu wawe salama."

"Salama ipi? Ukipiga kelele za moto kila asubuhi, siku nyumba inapoungua nani atatoka?"

Wakala alikuna kichwa. Karatasi, alisema, hawezi kuziondoa. Mama Povu hakumwomba aziondoe. Alizitoa asidi na dawa za madoa kwenye rafu za wazi, akaziweka nyuma yake. Ukitaka moja, sharti akuulize nyumbani una nini, kisha akwambie usiichanganye na kipi, na ufungue mlango unapoitumia. Mumewe alinung'unika, "Utatufukuzia wateja, mke wangu. Hapa ni dukani au polisi?"

"Waende, mradi wabaki wazima."

Wengine walikwenda kweli. Wengi walibaki, maana sasa kulikuwa na mtu wa kuwaambia onyo lipi la kuogopa na lipi la kupuuza.

Wifi alipona, ila sauti ilibaki na mkwaruzo. Siku za soko hukaa pembeni ya meza ya duka, na mteja akianza kubisha kwamba maonyo yote ni yale yale, Mama Povu humwachia wifi ajibu.

"Ya kandambili, cheka," humwambia kwa sauti yake hiyo ya bati. "Ya chupa hii, nisikilize mimi."