Siku tuliyotoa injini uani, mke wangu akavunja mwiko

Wakuu, heshima zenu. Hili limetokea kwangu hapa Ilomba, sijaongeza chumvi. Asiyeamini aje aone sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilivyobonyea.

Mzee wangu anaishi Tukuyu, ana pickup kuukuu iliyoanza kula oili. Nikamwambia ailete kwangu, tutoe injini wenyewe. Mimi si fundi wa kusomea, ila video nimeangalia hadi bando likaisha.

Kitu kimoja muelewe kwanza. Sisi ni Wanyakyusa, na mzee ni mtu wa zamani. Kwake mkamwana na baba mkwe hawaongei wala kutazamana.

Mke wangu, Mama Neema, ana miaka saba kwenye ndoa na alikuwa hajawahi kumsemesha. Chai napeleka mimi. Mzee akiwa uani, yeye hupita nyuma ya nyumba. Vijana mtacheka, lakini ndiyo heshima tuliyoikuta.

Basi. Tukasimamisha miti mitatu ya mirunda, tukaifunga juu, tukaning'iniza chain block, ile winchi ya kuvuta kwa mnyororo.

Mzee akasema, "Chimba mashimo, miguu ya miti ikae ndani."

Mimi mjuaji nikaweka mawe bapa. Kazi ya nusu saa, mashimo ya nini?

Injini ikapanda vizuri. Tukasukuma gari nyuma, injini ikabaki inaning'inia. Mzee akainama chini yake kuangalia oili inavujia wapi. Mimi nimeshika mnyororo, macho juu, najiona injinia.

Mama Neema alikuwa anaanika nguo pembeni ya nyumba. Yeye ndiye aliyeona mguu mmoja unateleza kwenye jiwe.

"Baba, toka hapo."

Hakupiga kelele. Mzee akainuka, akarudi hatua mbili kumtazama aliyesema. Nadhani hakuinuka kwa hofu, aliinuka kwa mshangao.

Mrunda ukachomoka. Injini ikatua pale pale alipokuwa ameinama.

Nikakaa kwenye matope.

Mke wangu akakimbilia jikoni kulia. Halii injini, analia kwamba amemkosea mkwe. Mzee naye ananawa mikono muda mrefu kuliko kawaida. Niliogopa kweli. Nilijua atapanda gari la kwanza kurudi Tukuyu na hatakanyaga tena kwangu.

Akakaa kwenye tairi. Nikainuka kumfuatia chai kama siku zote.

"Kaa," akaniambia. Kisha akageukia jikoni. "Mama Neema, mwanangu, naomba chai."

Aliileta mwenyewe. Wote wawili walitazama chini, lakini kikombe kilitoka mkono kwa mkono.

Wakuu, chimbeni mashimo. Na mtu asikae chini ya kitu kinachoning'inia, mirunda iwe imara namna gani.

Wenye miiko kama hii majumbani kwenu, ilipovunjwa ilikuwaje? Mimi tangu siku ile sijapeleka chai tena.