Fundi Cherehani na Muuguzi Wake

Kila Jumapili, kabla ya kuingia darasa la dansi, fundi cherehani alisimama mlangoni akiokota nyuzi kwenye gauni alilomshonea muuguzi, mwanamke mwenzake wa nyumba moja. Aliziokota moja moja, bila haraka, nami nilimwonea muuguzi wivu. Ndani, mwalimu aliwatenganisha, kila mwanamke na mwanamume wake. Mimi nilipewa binamu yangu wa kiume. Fundi alicheza na kinyozi, macho yakimfuata muuguzi kama sindano inavyofuata chaki. Jumapili moja alikataa kuuachia mkono wa muuguzi.

“Dada, dansi hii ni ya mke na mume.”

“Mume nitamtoa wapi, mwalimu, nimshone?”

Watu wakacheka. Mwalimu akawaonyesha viti vya watazamaji. Nikiwa nimeshika kiganja cha binamu, kimelowa jasho, nikamwona fundi akitoka na muuguzi wake, wameshikana vilevile. Hawajarudi.