Kibuyu Kilichomnyamazisha Wifi Yangu

Ashukuriwe Mungu aliyenitunza mpaka nywele zikawa nyeupe, akanipa na ujasiri wa kusema jambo nililolionea haya tangu ujana wangu. Watu walilicheka siku moja. Mimi nimelililia miaka yote.

Ilikuwa wakati wa Ujamaa, tumeshahamia kijiji kipya karibu na Nyegina, nami nilikuwa kiongozi wa kina mama (kwa kuwa nilijua kusoma na nilikuwa mke wa katekista, si kwa hekima). Asubuhi ya siku aliyokuja nesi wa hospitali ya Musoma kutufundisha, tukienda shamba la pamoja la pamba, wifi yangu Nyangeta alinishika mkono akaninong'oneza kwamba ana kitu kigumu kwenye titi, kama punje ya harage, wala hakiumi.

"Nesi akija leo nitamwonyesha," akasema, "lakini usiniache peke yangu, wifi, mimi naonaga haya."

Nikamwahidi.

Sasa, desturi yetu watu wakilima pamoja, jioni hupozwa koo kwa pombe ya ulezi, na pombe yenyewe iliiva siku hiyohiyo ya mgeni. Ningeweza kuiacha nyumbani mtungini. Lakini niliogopa nesi asituone walevi, nikaimimina kwenye vibuyu vya maziwa, nikakaza vizibo vya magunzi, nikavipanga juani kando ya meza yake, ili aone jinsi tunavyokunywa maziwa!

Tuliporudi kutoka shambani tukakusanyika mbele ya ofisi ya kijiji, nesi akatufundisha kwa upole: tunyonyeshe watoto muda mrefu, tule mboga za majani na matunda, tusizoee kukaa bure, pombe tuiache, na mwenye uvimbe kwenye titi asingoje hadi uanze kuuma. Akasema akimaliza atamwona kila mmoja peke yake, chumbani. Nyangeta akanitazama. Nami, badala ya kukaa kimya, nikasimama (hakuna aliyeniita) nikatangaza, "Dada nesi, kijiji hiki kina mama hatugusagi pombe!"

Sijakaa vizuri, kizibo kikaruka, povu la ulezi likamwagikia gauni jeupe la nesi kutoka kifuani hadi viatuni, na kabla hajajifuta, kibuyu cha pili nacho kikalipuka.

"Maziwa ya hapa yana hasira!" akapaza sauti mzee mmoja, na mkutano mzima ukaangua kicheko. Nyangeta mwenyewe alicheka hadi akakaa chini.

"Mama Magesa, umetuvua nguo!" mwenyekiti akanifokea.

Nesi alikusanya vitu vyake. Alipanda gari akaondoka ameloa, na mlango wa kile chumba haukufunguliwa.

Nilijifungia ndani siku tatu. Nyangeta ndiye aliyekuja kunibembeleza. "Basi, wifi, yamepita. Twende Musoma hospitalini, mimi na wewe."

"Nitamtazamaje yule nesi?" nikamjibu. "Tungoje kwanza wasahau."

Akakubali, maana peke yake hakuweza. Tukangoja pamba iishe, kisha mvua zipite. Tulipokwenda, ile punje ilikuwa imekuwa kama yai la kuku, na daktari alitutazama kwa huruma tu. Tulimzika kabla ya pamba nyingine kuchanua.

Pombe haikumwua, Nyangeta hakuwahi hata kuionja, alinyonyesha watoto wanne, alilima kuliko sisi sote. Kliniki wamenieleza kwamba kuacha pombe, kunyonyesha, kula vizuri na kutouacha mwili unenepe kupita kiasi hupunguza hatari ya saratani ya matiti, ila hakuiondoi. Kwa hiyo mambo hayo nayashika, na nayafundisha. Lakini kilichomchelewesha wifi yangu ni haya zangu, si zake.

Tangu hapo mwanamke akiniambia ameona uvimbe, navaa viatu palepale, tunakwenda wote, hata kama jana yake nimeaibika mbele ya mkoa mzima. Sitamwambia mtu tena angoje.

Wewe unayesoma haya, Mungu akulinde mwili na moyo, na siku utakapoogopa kwenda peke yako, akupe mtu wa kukushika mkono asiuachie.