Jina la Raya Kwenye Santuri

Nilikwenda Maskati kuomba radhi. Ujanani niliishi Birmingham, na huko tulikuwa na kundi la watu wanne la muziki wa pop na soul: mpiga ngoma, mpiga kinanda, mimi wa Mombasa, na Raya, binti wa Kiunguja. Kundi lilidumu miaka miwili. Wimbo mmoja tu ndio uliovuma redioni, na aliyeuimba ni Raya. Jalada la santuri likachapwa jina langu kama mwimbaji, kwa makosa. Nililiona siku ile ile lilipotoka, nikanyamaza. Raya akaondoka bila kuaga, kundi likavunjika. Miezi michache iliyopita kampuni moja ilitaka kuitoa upya ile santuri, ikaniuliza kama majina yako sawa. Sikuijibu. Nilimwarifu Raya, aliyekuwa akiishi Maskati, nikakata tiketi.

Asubuhi nilipotua, bintiye Raya, Nasra, alikuwa akinisubiri uwanjani.

“Mama kakwambia mimi nani?” nilimuuliza garini.

“Rafiki yake wa masomoni.”

Kumbe watoto hawajui kwamba mama yao aliwahi kuimba. Nikisema kweli yangu, nitafichua siri yake. Njia nzima kutoka Sib, uliko uwanja wa ndege, sikusikia alichokuwa akinionyesha.

Saa nne tulifika nyumbani kwao, mtaa wa Azaiba. Raya alinipokea mlangoni, miwani puani. “Karibu, Zuhura. Umenenepa.” Nililetewa halua na kahawa. Nilingoja mpaka baada ya sala ya adhuhuri, tulipobaki wawili.

“Raya, nimekuja kwa lile jina.”

“Nnajua. Hukutoka Mombasa kuja kula halua.”

“Niliona kosa, nikanyamaza.”

“Ulikuwa ukipenda kupigiwa makofi.”

“Ndiyo.”

“Mimi niliondoka kwa sababu babangu alikuwa mgonjwa. Lakini kila nikiusikia ule wimbo dukani, hutoka nje.”

“Santuri inatolewa upya. Nikiwaandikia kampuni jina lako, wanao watajua.”

“Tutajua nini?” Nasra alikuwa amesimama mlangoni.

Raya alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akaniambia, “Mpigie ule wimbo.”

Niliutafuta wimbo kwenye simu. Nasra aliusikiliza wote bila kukaa.

“Mama, huyu ni wewe?”

“Ni mimi.”

Kesho yake, nikifunga begi, Raya aliniletea karatasi. Alikuwa ameandika jina lake kamili, pamoja na la babake na la ukoo. Nami nilidhani angeniomba nilifiche.

“Waandike hivi hivi, wasipunguze.”

“Na mimi, umenisamehe?”

“Hilo bado, Zuhura.”

Niliandika barua kwa kampuni nikiwa uwanjani, kabla ya kupanda ndege, nisije nikaghairi.

Nilikuwa nimekwenda nikidhani nikishakiri nitarudi mwepesi. Nimejifunza kwamba kukiri kulikuwa zamu yangu, na sasa ni zamu yake, naye hana haraka. Wiki ya tatu hii niko nyumbani, na kila simu ikilia huangalia kwanza kama ni Raya.