Masomo Arobaini ya Muzee Havugimana

Kila Jumamosi asubuhi, katika chumba cha madirisha mawili mtaani Murara, Mama Nabintu anatufundisha mbinu za utafiti wa elimu, sisi wanafunzi saba tunaotafuta shahada ya udaktari. Ni mama wa upande wa Bukavu, mfupi, mkali, asiye na haraka ya kumsifu mtu. Kabla ya kurudi chuo kikuu alifundisha shule ya msingi Kalengera, huko Rutshuru, miaka kumi na mmoja, na hajatoka kule kabisa. Ukimtajia takwimu, atakuuliza watoto walikaa wangapi kwenye dawati moja. Mimi jambo hilo hunikera, maana nilikuja kusoma takwimu, si madawati.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya Muzee Havugimana. Amekagua shule za Rutshuru miaka ishirini na mitano. Mwakani anastaafu, na anataka aitwe daktari kabla ya hapo. Alituletea masomo arobaini aliyoyatazama mwenyewe madarasani. Katika thelathini na manane, watoto walijibu bila kusita. Kwa hiyo, akasema, walimu wetu wanasingiziwa tu kwamba hawafundishi. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, ili kuficha wivu.

Mama Nabintu hakupiga. "Muzee, mbele ya kufika ku masomo, ulikuwa unatuma barua ya kusema utakuja?"

"Ndiyo, mama. Juma moja mbele. Ile ni heshima."

"Na zamani, ile siku ulifika Kalengera kukagua, kwa cinquième, darasa la tano, somo la hesabu za sehemu, unakumbuka?"

Muzee akamtazama vizuri. "Kumbe ni wewe! Nilikupatia très bon, muzuri sana. Batoto bote balinyoosha mikono."

"Lile somo nilikuwa nimelifundisha mara ine ile juma. Na batoto munane benye habakulishika, nilibaambia babakie kwao ile siku."

Nilimwonea huruma Muzee, na nikajionea aibu kwa makofi yangu. Miaka mitatu alizunguka na pikipiki kwenye matope kutafuta masomo yale.

"Lakini mama, si balimu bote banafanyaka vile."

"Pengine. Ni nani anajua? Inspecteur akitangaza safari, anaonyeshwa ile yenye anapenda kuona. Utatafuta mutu mwengine aende kukaa nyuma ya darasa mwezi muzima, mupaka bamusahau. Ao uanze upya na swali ingine."

Muzee alifungua jalada lake, akapiga mstari juu ya ukurasa wa matokeo, kisha juu ya uliofuata. Alipomaliza alifunika kalamu na kuuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Na bale munane, mama?"

"Batano balirudia ku masomo kesho yake." Mama Nabintu alikaa kwenye kiti, jambo asilolifanya akifundisha. "Batatu habakurudia tena. Balifikiri nimebafukuza."