Wanawe wa Kwenye Kisahani

Mlezi wa seli za kinga pale maabara hutembea kwa ncha za vidole, kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kabati la joto hulifungua taratibu, kisahani chenye seli hukibeba kwa mikono miwili, na kabla ya kukiweka chini ya hadubini hukinong'oneza: "Tulieni, wanangu." Ukicheka, atakutazama mpaka kicheko kirudi kilikotoka. Usione seli ni ndogo ukadhani hazina woga. Zikishtuka, kalsiamu hupanda ndani yake, na rangi aliyozinywesha ili kuionyesha huwaka kama vimulimuli. Ndiyo maana visigino virefu na wapiga chafya wamepigwa marufuku humo.

Siku ya kujaribu dawa mpya, bosi aliingia kwa kishindo. Alikwisha kuapa kwamba dawa isipoziamsha seli leo, kazi ya mlezi inafungwa. Akaegemeza kitambi mezani, puu, apate kuiona skrini ya hadubini vizuri. Papo hapo seli zote zikawaka.

"Imekubali!" bosi akapiga kelele. "Dada yangu, tumeshinda! Ngoja nimpigie mkurugenzi!"

Mlezi angenyamaza tu, kazi yake ingepona. Simuni mkurugenzi alikuwa ameshaanza, "Haloo? Haloo?" Mlezi akainua pipeti, kile kimrija cha kudondoshea, dawa yote ikiwa bado imo.

"Bosi, sijaweka kitu. Watoto wameshtushwa na kitambi chako. Kitoe mezani, tuanze upya."